Ushuru Ndani ya Kikombe

Siku ya soko pale Tala, ukitaka kujua nani ameoa, nani amehama na ng'ombe wa nani amezaa mapacha, usinunue gazeti. Nenda kwa Nthambi. Hoteli yake ni ya mabati, iko karibu na wauza mitumba. Ina meza tatu ndogo na benchi moja refu. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Kamanthe, kwa hivyo watu humwita Mama Kamanthe.

Benchi hilo ndilo roho ya hoteli. Ni la wanywaji wa kahawa. Mtu wa chai hunywa akaenda zake. Mtu wa kahawa hukaa. Huagiza kikombe, kisha andazi, kisha kikombe kingine, na habari zinamwagika. Nthambi alipenda pesa, ndiyo, lakini benchi alilipenda zaidi. Siku likiwa tupu, hata chakula hakikumshuka.

Kahawa yake ilikuwa ya kopo, kopo jekundu kutoka ng'ambo. Kijiko kimoja, maji moto, maziwa, sukari, koroga. Inayeyuka kabla hujamaliza kusalimia watu. Kikombe kilikuwa shilingi kumi.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, siku iliyofuata kusomwa kwa bajeti, mume wake Justus aliingia hotelini mbio. Redio ndogo ilikuwa mkononi.

"Mama Kamanthe! Kahawa imepanda bei! Redio imesema!"

Justus ana miti mia mbili ya kahawa nyumbani. Kila msimu huchuma matunda mekundu na kuyapeleka kwenye kiwanda cha ushirika. Miaka mingi bei ilikuwa ya kusikitisha. Kwa hivyo asubuhi hiyo alicheza katikati ya meza, na watu wakampigia makofi.

"Mwaka huu ni mbuzi watatu," alisema. "Na baiskeli mpya. Ile ya zamani nitampa shemeji."

"Shemeji gani? Yule aliyerudisha jembe bila mpini?" mtu mmoja akauliza, na benchi likaangua kicheko.

Nthambi naye alicheka. Kisha akachukua kikapu, akaenda kwa Laban mwenye duka kununua kopo la kahawa.

"Mia moja na tisini," Laban alisema.

"Juzi ilikuwa mia na hamsini! Laban, kopo limenenepa?"

"Mama, usinitazame hivyo. Si mimi. Ni ushuru. Wameongeza ushuru."

Ushuru! Kwa Nthambi, neno hilo lilikuwa na uso wa mtu mmoja tu. Uso wa Aloys.

Aloys alikuwa askari wa kanjo, yaani wa baraza la mji. Kila siku ya soko alipita na kitabu chake cha risiti, akikusanya ushuru wa soko, shilingi ishirini kwa kila kibanda. Akimaliza, aliketi mwisho wa benchi refu, akavua kofia na kuagiza kahawa. Hakuna aliyejua habari za Tala kama yeye. Nusu ya uhondo wa hoteli ilitoka mdomoni mwake.

Siku hiyo alikuja kama kawaida. "Mama Kamanthe, niletee ile yangu."

"Yako gani?" Nthambi alishika kiuno. "Kunywa risiti zako!"

Aloys akageuka nyuma kuona kama ni mtu mwingine anayeambiwa.

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Umekusanya ushuru wa nyanya, tukanyamaza. Umekusanya wa kuku, tukanyamaza. Sasa umeingia mpaka ndani ya kopo la kahawa!"

"Mama, mimi ushuru wangu ni shilingi ishirini tangu mwaka juzi. Sijaongeza hata ndururu!"

"Laban amesema ni ushuru. Na mwenye ushuru hapa Tala ni nani?"

Aloys alivaa kofia yake polepole. Akavuka barabara, akaingia hoteli ya Wangechi.

Nthambi akapandisha kikombe kuwa shilingi kumi na tano. Afanyeje? Lakini wateja hawakukaa. Wengine walihamia chai, wakanywa haraka na kuondoka. Wengine walimfuata Aloys kwa Wangechi, ambaye bado alikuwa na makopo aliyonunua kwa bei ya zamani. Kicheko chao kilivuka barabara na kumwingia Nthambi masikioni. Siku ya soko iliyofuata, benchi refu lilikuwa na paka.

"Hata sijui nani amezaa," alimlalamikia Justus. "Nakaa Tala kama mgeni!"

Jumamosi jioni, jirani yao Winrose alirudi nyumbani. Winrose hufanya kazi EPZ, lile eneo la viwanda vya kuuza nje kule Athi River, katika stoo ya kiwanda cha nguo. Ni msichana wa vicheko na midomo myekundu, na kila akija hupitia kwa Nthambi kwanza.

"Niaje, anti! Mbona benchi iko na baridi hivi?"

Nthambi akamweleza yote. Bei ya kopo, ushuru, Aloys, kofia. Winrose alicheka mpaka akashika meza.

"Anti! Umemfukuza Aloys bure! Hizo ni ushuru mbili. Jina moja tu."

"Mbili namna gani?"

"Aloys ni ushuru wa soko. Unalipa kwa sababu unauza kwenye soko la kanjo. Hii ya kopo ni ushuru wa forodha. Inalipwa vitu vikiingia nchini kutoka nje. Mimi naona watu wa forodha kila siku. Hakuna kontena inafunguliwa kwetu kama hawajaiona."

Nthambi akafikiri. "Basi vizuri. Kama kopo limetoka kwa wazungu, wazungu walipe. Mimi inanihusu nini?"

"Hapo ndipo watu wanakosea." Winrose alichukua kopo na kulisogeza mezani, kidogo kidogo. "Mwenye kuleta kopo analipa ushuru bandarini Mombasa. Hakubali kubaki na hiyo hasara, anamwongezea Laban. Laban anakuongezea wewe. Wewe unamwongezea Aloys. Aloys hana wa kumwongezea. Basi akahama!"

"Aiyaa!" Nthambi alishika mashavu. "Kumbe aliyelipa ni Aloys mwenyewe!"

"Na wewe, kwa kupoteza benchi. Tuseme kopo limefika Mombasa kwa shilingi mia. Ushuru ukiwa kumi kwa kila mia, limekuwa mia na kumi. Ukipandishwa kuwa ishirini na tano, limekuwa mia na ishirini na tano. Na bado halijapanda lori."

"Na kwa nini serikali inatufanyia hivyo?"

"Inataka pesa ya barabara na hospitali. Tena inataka vitu vya kutoka nje visiwe rahisi sana, ili wanaotengeneza hapa kwetu nao wapate wanunuzi. Wengine hufurahi, wengine huumia. Mwenye kiwanda hapa anacheka, mwenye hoteli analia."

Justus alikuwa mlangoni, akisikiliza kwa makini. Alikohoa. "Na mwenye miti mia mbili? Yeye analia au anacheka? Redio ilisema kahawa imepanda."

"Ilisema kahawa gani, baba? Ya kopo, ama ya mti?"

Justus alikuna kichwa. Hilo hakuwa amesikiliza.

"Kahawa yako inauzwa mnadani Nairobi," Winrose alimweleza, "na nyingi inapanda meli kwenda nje ikiwa bado mbichi. Bei yake inatoka kwa wanunuzi wa huko. Ushuru huu wa forodha unagusa kitu kinachoingia. Yako inatoka. Haikutani nao hata njiani."

"Basi mbuzi watatu?"

"Anza na mmoja, baba. Mwenye afya."

Justus aliketi. Lakini Winrose hakutaka huzuni katika hoteli ile. Akauliza, "Anti, kwa nini lazima iwe ya kutoka nje? Kwa Laban hakuna kahawa iliyotengenezwa hapa Kenya? Hiyo haipiti bandarini. Geuza pakiti, soma maandishi madogo mgongoni. Huandikwa ilikotoka. Usidanganyike na picha ya mbele."

Kesho yake, baada ya kanisa, Nthambi alimwita Laban afungue duka kidogo. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya mishumaa, palikuwa na pakiti zenye vumbi. Nthambi aligeuza moja na kusoma mgongoni. Ilikuwa kahawa ya Kenya, iliyokaangwa na kusagwa Nairobi. Shilingi mia moja na tano.

"Hiyo hakuna mtu hununua," Laban alisema.

"Leo amepatikana."

Akarudi hotelini akiimba. Akachemsha maji, akapanga vikombe vitatu kwa heshima, kimoja cha Winrose, kimoja cha Justus, kimoja chake. Kijiko kimoja, maji moto, maziwa, sukari, koroga. Akakoroga. Akakoroga tena. Mkono ukachoka.

Justus ndiye aliyekunywa kwanza. Alisimama kama mtu aliyeumwa na siafu. Masharubu yake yalikuwa na chembe nyeusi, na meno yalikuwa yanatafuna.

"Mama Kamanthe, umenipikia udongo?"

"Haiyeyuki!" Nthambi alilia. "Laban ametuuzia mchanga!"

Winrose alikuwa ameinamisha uso mezani. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko. "Baba, umelima kahawa miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na hujawahi kuinywa?"

Justus alifuta masharubu. "Nitainywa wapi? Sisi huchuma, tukapeleka kiwandani. Ya kunywa ni ya kopo."

"Hii ndiyo yenu! Haiyeyuki kwa sababu ni buni yenyewe iliyosagwa. Ya kopo imeshachemshwa kiwandani ikakaushwa. Hii inangoja wewe uichemshe."

Akafunga leso kiunoni, akashika sufuria. Vikombe vitano vya maji. Maji yalipochemka, akaweka vijiko vitano vya kahawa vilivyojaa, akakoroga mara moja. Povu lilipopanda, akaepua haraka lisimwagike jikoni. Akaifunika, wakapiga domo kama dakika tano, chembe zikatulia chini. Ndipo akachuja kwa kichujio cha chai alichokitandikia kitambaa safi. Harufu ikatoka mlangoni, ikazunguka ukuta. Mpita njia akasimama, akauliza kuna sherehe gani.

Justus alikunywa kidogo, kwa woga. Akanywa tena.

"Hii imetoka kwa miti kama ile yangu?"

"Kama ile yako."

"Na mimi nimekuwa nikiipeleka yote?" Macho yake yalikuwa na maji, naye alikuwa anacheka.

Kabla Winrose hajaondoka, alimfundisha Nthambi jambo moja zaidi. "Usilinganishe pakiti na kopo. Linganisha kikombe na kikombe. Kopo linatoa vikombe hamsini, kwa mia na tisini. Ni karibu shilingi nne kila kikombe. Pakiti inatoa vikombe thelathini na tano, kwa mia na tano. Ni shilingi tatu. Na siku pakiti ikipanda kushinda kopo, uhesabu upya. Wenye viwanda vya hapa nao wakiona kopo limepanda, hushawishika kupandisha yao."

Siku ya soko ilipofika, kikombe kilikuwa kimerudi shilingi kumi. Lakini benchi lilikuwa bado tupu. Nthambi akajua deni lake ni la maneno. Akamimina kahawa katika kikombe kikubwa, akavuka barabara, akasimama mlangoni kwa Wangechi mbele ya watu wote.

"Aloys, mwana wa watu, nilikukosea. Ushuru wa kopo si wako. Ni wa forodha. Wewe ni wa nyanya na kuku tu."

Watu wakacheka. Aloys aliinusa kahawa. Akanywa. Akatazama ndani ya kikombe kama aliyeona kitu, kisha akavaa kofia.

"Wangechi, samahani," alisema. "Nimeitwa nyumbani."

"Nenda," Wangechi alijibu, "lakini uniulizie hiyo inapikwaje!"

Saa nne benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Nthambi alijua nani amezaa, nani ameoa, na kwamba yule shemeji amempotezea mtu mwingine jembe. Justus alikuwa katikati, akieleza wageni kila hatua ya kahawa, kuanzia ua hadi povu, kana kwamba aliivumbua yeye. Laban naye alileta pakiti tano zaidi, zilizofutwa vumbi.

Ndipo Aloys akatoa kitabu chake cha risiti. "Ushuru, mama!"

Nthambi akampa shilingi ishirini bila ubishi. Kisha akanyoosha mkono wake.

"Na wewe, shilingi kumi. Ya kahawa. Hiyo haijaongezwa hata ndururu."