Siku Jiwe la Mwito Liliponyamaza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gloria alipitia kwanza sokoni Mwigobero kumsaidia mama yake, aliyekuwa akiuza dagaa. Wakati maboti yakishusha mizigo na wachukuzi wakipigiana kelele, wao wawili waliinama juu ya turubai, wakichambua dagaa na kuondoa mchanga na makombe, kisha wakawajaza kwenye sado za kupimia. Mikono ya Gloria ilikuwa myepesi kuliko ya watu wazima wengi pale sokoni, na yeye alilijua hilo.

Alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Musoma mjini. Darasani mkono wake ndio uliotangulia kunyooshwa. Uwanjani yeye ndiye aliyechagua wachezaji. Kushika nafasi ya pili kulimkera kama mwiba wa samaki kooni.

Jumamosi moja Gloria hakuchambua dagaa. Klabu ya historia na mazingira ilikuwa na safari, naye alikuwa ameingoja kwa hamu. Mwalimu Felisian, mlezi wa klabu, aliwapeleka kwanza Butiama. Huko walitembelea makumbusho, wakasimama kimya mbele ya kaburi la Baba wa Taifa. Kisha basi likarudi barabara kuu, likapita Bunda mjini, likakata kuelekea Guta. Mashamba ya pamba yalikuwa meupe pande zote mbili. Mbele yao ziwa lilianza kuonekana, kwanza kama utepe, baadaye kama uwanja mpana wa bati jipya.

Walishuka chini ya mlima wa mawe makubwa yaliyopandana. Mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani aliwapokea. Watu walimwita Mama Werema, na ukoo wake ndio uliokuwa ukiutunza mlima ule tangu enzi za mababu. Aliwapandisha taratibu, akiwaonyesha pango walimofichwa watoto wakati wa vita vya zamani, na pimbi waliokuwa wakiota jua. Karibu na kilele akasimama mbele ya jiwe la kijivu, refu kama kitanda cha mtoto, lililokuwa limekalia vijiwe vitatu vidogo.

“Hili ndilo Jiwe la Mwito,” alisema. “Zamani wezi wa ng'ombe wakionekana, au moto ukiwaka porini, wazee walikuwaga wanaligonga. Wavuvi kule ziwani wanasikia, wanarudi nyumbani. Sisi tukiwa wadogo tulikuwaga tunalala, tukilisikia tunajua kuna jambo.”

Aliokota kokoto, akaligonga ubavuni kidogo tu. Ngeeeng! Sauti ikatoka, nyembamba na safi, ikatelemka mlimani, ikaenda mbali juu ya mashamba. Watoto waliduwaa. Hakuna aliyetegemea jiwe liimbe hivyo.

“Kila mmoja atagonga mara moja,” Mama Werema akasema. “Halitaki nguvu, linataka adabu. Msilipande, msilikalie, na hivi vijiwe vya chini mtu asiviguse.”

Wakapanga mstari. Hezron, rafiki wa Gloria aliyekaa naye dawati moja, alipogonga, jiwe lililia vizuri mpaka Mwalimu Felisian akampigia makofi. Gloria akafuata. Alitaka lake lisikike kupita la Hezron, akavuta mkono nyuma, akapiga kwa nguvu zake zote. Ko! Jiwe likatoa sauti kama sufuria iliyogongwa kwa mwiko. Wenzake wakaangua kicheko.

“Nguvu za dagaa!” mmoja akamtania.

Gloria alicheka nao, lakini moyoni aliwaka.

Wakati wa chakula wote walishuka kivulini kula wali na maharage. Gloria alikula matonge mawili, akanyanyuka. Hezron akamfuata mlimani.

“Unaenda wapi? Mwalimu atatuita sasa hivi.”

“Nataka kugonga tena. Lile jiwe lilinikatalia tu.”

Aligonga. Ko! Akagonga tena, zaidi ya mara ya kwanza. Ko! Akainama kutazama chini ya jiwe. Kijiwe kimoja, cha upande wa mteremko, kilikuwa kimeegemea pembeni tu kama kisichobeba kitu.

“Kumbe hiki ndicho kinachoziba sauti,” alisema. “Kikitoka, litalia mpaka Musoma.”

“Gloria, acha. Mama yule amekataza.”

“Nitakirudisha.”

Alitafuta fimbo ngumu, akaiingiza chini ya kijiwe, akachokonoa. Kijiwe kilitoka kirahisi kuliko alivyofikiri. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha Jiwe la Mwito likayumba, likateleza, likaanguka kwenye udongo kwa kishindo kizito. Ufa ukafunguka kutoka ubavuni hadi katikati.

Gloria aliokota kokoto, akaligonga jiwe kwa upole, kwa adabu kabisa. Halikulia hata kidogo. Ilikuwa kama kugonga ardhi.

“Twende,” alisema. “Usimwambie mtu. Ukisema, na wewe ulikuwepo.”

Walipokuwa wakipanda basi, Mama Werema alikuwa mlangoni akigawa viazi vitamu vya kuchemsha. Alimpa Gloria kiazi kikubwa kuliko vyote. “Wewe ndiye jiwe lilikukatalia, siyo? Usijali, mwanangu. Siku nyingine utakuja, nitakufundisha.” Gloria alipokea kwa mikono miwili bila kumwangalia usoni. Kile kiazi hakukila.

Siku zikapita. Kisha mchana mmoja Mwalimu Felisian akaingia darasani uso umemshuka. Akasema amepigiwa simu na Mama Werema. Jiwe la Mwito limekutwa limeanguka na kupasuka. Kijijini wanaamini ni ng'ombe wa mfugaji mmoja aitwaye Mwikwabe, kwa sababu boma lake liko karibu na ng'ombe wake huonekana wakijikuna kwenye mawe ya mlima. Mkutano wa kijiji umemzuia kunywesha mifugo kwenye chemchemi iliyo chini ya mlima ule.

“Nimewaambia sisi tuliliacha salama,” Mwalimu alisema. “Nimewatetea. Au kuna mwenye la kusema?”

Hezron alimtazama Gloria, naye Gloria akatazama dawati. Mkono ule uliozoea kutangulia siku hiyo haukunyooka.

Kuanzia hapo Gloria alipoteza raha. Alijiambia kuwa jiwe ni jiwe, na kwamba chemchemi ziko nyingi. Alijiambia kuwa Mwikwabe hamjui wala hatamjua. Lakini kila alipoamka, jambo la kwanza kumjia lilikuwa ule ufa. Alianza kujibu maswali darasani kwa sauti ndogo, halafu akaacha kujibu kabisa. Mara mbili alifika hadi mlango wa ofisi ya walimu, na mara zote mbili akageuka.

Wiki iliyofuata Mwalimu Felisian alileta habari nyingine. Kwa kukosa chemchemi, Mwikwabe alikuwa akiwapeleka ng'ombe wake mbali, mpaka ziwani. Huko mamba amemkamata mtamba wake, yule aliyekuwa akimtegemea azae mwaka huu.

Kesho yake asubuhi, juu ya turubai la dagaa, mikono ya Gloria ilisimama.

“Mama, lile jiwe ni mimi niliyeliangusha.”

Mama yake hakuelewa mara moja. Gloria akamweleza yote, kuanzia kicheko cha wenzake hadi mamba. Wateja wawili walikuja, wakaona hali ile, wakaenda meza nyingine.

“Umelificha hili tangu lini?” mama aliuliza.

“Tangu siku ileile.”

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Gloria zaidi. Alikaa chini juu ya gunia. “Mimi nimekulia kwenye boma la ng'ombe, Gloria. Najua mtamba ni nini. Baba yangu mtamba akiugua, alikuwaga halali. Huyo mtu alipoteza mtamba wake, na sisi tuko hapa tunauza dagaa kama hakuna kitu.” Alifunga turubai kabla jua halijapanda, jambo ambalo Gloria hakuwahi kumwona akilifanya, akamshika mkono wakaenda moja kwa moja shuleni kumweleza Mwalimu.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kijijini: Gloria na mama yake, Hezron na baba yake, pamoja na Mwalimu Felisian. Watu walikuwa wamekusanyika chini ya mlima. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Makongoro, alimwita Mwikwabe mbele. Huyu alikuwa mtu mzima, mrefu na mkavu, mwenye fimbo mkononi.

Gloria alikuwa amejifunza maneno mazuri ya kusema, lakini yote yalimkimbia. “Shikamoo, baba,” alisema. “Siyo ng'ombe wako. Ni mimi. Nilitoa kijiwe cha chini kwa fimbo. Nilikatazwa, nikakitoa. Naomba unisamehe.”

“Na mimi nilikuwepo,” Hezron akasema. “Nilijua, nikanyamaza.”

Mwikwabe aliwatazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka.

“Nilisimama hapahapa,” alisema. “Nikasema siyo mimi, siyo ng'ombe wangu. Mbele ya watu hawa wote. Majirani zangu. Hakuna aliyeniamini hata mmoja.” Akamgeukia Gloria. “Na wewe huko ulikuwa unajua.”

“Ndiyo, baba.”

“Basi nimesikia.”

Mzee Makongoro alivua kofia yake, akamwomba radhi Mwikwabe kwa niaba ya kijiji, kwa kumhukumu bila ushahidi. Chemchemi ikarudishwa kwake siku hiyohiyo. Wazee wakakubaliana kuchangishana kumtafutia mtamba mwingine, na mama yake Gloria akaomba aandikwe wa kwanza.

Baadaye wanaume walipanda na magogo na kamba. Mwikwabe naye alipanda, bila kuitwa na mtu, akaweka bega lake chini ya gogo kubwa. Waliinua jiwe kidogo kidogo huku Mama Werema akirudisha vijiwe vitatu mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. Kijiwe cha upande wa mteremko alikiweka mwisho. Jasho likiwatoka watu, akaokota kokoto.

Aligonga ubavuni, kidogo tu.

Jiwe lililia. Lakini ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye mafua, na haikufika hata kwenye migomba ya chini. Mama Werema alisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ufa.

Gloria alianza kulia, akamgeukia Mama Werema. “Nitafanya nini, mama? Niambie tu, nitafanya.”

“Ufa hauzibwi,” Mama Werema alijibu. “Kaa hapa, mwanangu, nikwambie. Na wewe, Hezron, sogea. Mtoto akivunja chungu, akasema nimevunja, sisi tunaokota vigae, maisha yanaendelea. Akinyamaza, anapigwa mtoto wa jirani. Kuliangusha jiwe ulikosea mara moja, kwa kiburi na kutosikia. Lakini kosa la kunyamaza ulilirudia kila siku ulipoamka. Jiwe uliliangusha wewe. Yule mtamba aliuawa na ukimya wenu. Ungesema siku ileile, ningekasirika, ningekugombeza, tungelia wote, na Mwikwabe asingeguswa. Ukweli haufurahishi kuusema, lakini ukiuchelewesha, madhara yake yanamfika mtu mwingine kabla hayajakufika wewe. Hilo ulishike. Umekuja, na nashukuru umekuja. Ila ulichelewa.”

Mwalimu Felisian, aliyekuwa amesimama pembeni, aliinamisha kichwa kana kwamba maneno yale yanamhusu yeye pia, aliyewatetea kabla ya kuwauliza.

Watoto wa kijiji walikuwa wamekwea kushuhudia kazi. Msichana mmoja mdogo, ambaye familia yake ilikuwa imehamia pale majuzi, aliomba kokoto, akagonga. Akaisikiliza ile sauti ya kukwaruza, akafurahi, akamgeukia Gloria.

“Dada, ndivyo linavyoliaga?”

Hapakuwa na aliyemlazimisha Gloria kujibu. Mwalimu alikuwa akikusanya kamba, na mama yake alikuwa ameanza kushuka. Gloria alipiga magoti ili walingane kimo na yule mtoto.

“Hapana,” alisema. “Lilikuwa linalia vizuri sana, mpaka ziwani wanasikia. Mimi ndiye niliyeliharibu.”