Jumamosi Bila Eliakim

"Haloo? Eliakim, leo unakuja?"

Nasambu alikuwa ameibana simu sikioni, ndani ya kibanda cha simu mjini Kitale. Upande wa pili, kwenye duka la vifaa vya ujenzi Bungoma alikoajiriwa mumewe, mtu alikuwa akigongagonga mabati.

"Leo kazi ni mingi, Nasambu."

"Si hata Jumamosi ile ingine ulisema hivyo? Mvua imeanza. Nimechinja jogoo."

"Kula tu."

"Peke yangu?"

Simu ikakatika.

Hata hivyo, alimpika yule jogoo. Akasonga ugali wa wimbi, akaandaa sahani mbili, kisha akakaa kusikiliza mvua hadi mchuzi ukaganda. Tangu Desemba ya 1990, malaria ilipomchukua mtoto wao Mukhisa kabla hajatimiza miaka mitatu, nyumba ilikuwa imepoa. Majirani walipunguza kuja. Mume naye akapunguza kurudi, hadi akaacha kabisa.

"Ako na mwanamke huko," jirani yake Jerono alimwambia siku walipokuwa wakilima. "Mwanaume hawezi kukataa kuku bure, dada yangu."

Neno hilo lilimchoma. Jumamosi iliyofuata alifunga nyumba, akashika njia hadi Kanduyi, pembeni mwa Bungoma, kwenye chumba alichopanga Eliakim. Akausukuma mlango bila kupiga hodi.

Hakukuwa na mwanamke. Eliakim alikuwa amechutama kando ya jiko la makaa, akila sukuma wiki ndani ya sufuria.

"Nasambu! Nani amekufa?"

"Ni mimi nakufa! Ako wapi?"

"Nani?"

"Huyo anakuzuia huku."

Eliakim aliweka sufuria chini.

"Ni Mukhisa," alisema. "Nikifikiria pale nyuma ya jikoni, namuona akichezea udongo. Mara mbili nimefika hadi kwa lango letu. Nikasikia harufu ya chakula yako. Nikarudi."

"Ulifika kwa lango ukarudi?"

"Miguu ilikataa."

Nasambu alihisi hasira ikimpanda zaidi kuliko kama angemkuta na mwanamke.

"Na mimi je? Mimi nalima hapo hapo! Nikiinua jembe, namuona. Uliniacha nimuone peke yangu, Eliakim!"

Akaangua kilio. Hawakuwa wamewahi kulia pamoja; siku ya mazishi kila mmoja alishikwa na watu wake. Eliakim alimvuta kifuani, akalia naye.

"Sikujua wewe pia unamuona."

"Ungejuaje? Hukuuliza."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehea nyumbani. Vaa viatu."

Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, Eliakim alichimba mashimo nyuma ya jikoni, Nasambu akitia mbegu za maharagwe. Katikati ya mstari Eliakim alisimama.

"Hapa ndipo alikula udongo, ukamchapa."

"Mimi? Sikumchapa! Ni wewe ulicheka mpaka akarudia."

Wakatazamana. Kicheko kikawatoka kabla machozi hayajafika.

Jumatatu alfajiri Nasambu alimsindikiza hadi barabarani, maana kazi ilikuwa bado Bungoma na nyumba ingebaki kimya tena hadi Jumamosi. Lakini njia nzima walimtaja Mukhisa kwa jina, wakikatizana maneno, kila mmoja akitaka kusimulia kwanza.