Mzee Povu Hachanganyi Nguo

“Zima hiyo mashine!”

“Haizimiki ikishaanza kuzungusha.”

“Wewe uniambie mimi mashine haizimiki? Wewe?”

Sista alikuwa amepiga magoti sebuleni, pua imegusa mlango wa kioo wa mashine ya kufulia, kama mtu anayechungulia kisima kilichomeza mwanawe. Ndani maji yalikuwa mekundu. Gauni lake jeupe la kazi, jipya, lilipinduka katikati ya maji hayo, likatoa mkono, likatoa kola, likazama tena. Nyuma yake likapita taulo jekundu ambalo lilikuwa halijawahi kuonja maji.

Mzee Povu alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Jina hilo alipewa na majirani. Tangu afiwe na mkewe, mapenzi yake yote aliyahamishia kwenye mashine za kufulia, na humo sebuleni alikuwa nazo tatu: ya mapipa mawili aliyoiita Bibi, ya kufungulia juu iliyoitwa Mpiga Ngoma kwa kelele zake, na hii ya kioo, Bi Mkubwa. Kochi lilisukumiwa pembeni kuzipisha. Rafu ya sabuni ilifika darini, za unga, za maji, za mche, na kila moja aliijua tabia kama mtu anavyojua wajukuu wake. Kisha akaja Sista, muuguzi, na mapenzi yakabidi yagawanywe. Tangu wachumbiane hakumwachia afue hata leso. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

“Bahati mbaya, mama. Taulo lilijificha humo ndani.”

“Lilijificha! Lina miguu?”

“Hata mganga huugua.”

“Anaugua, hajinyweshi sumu!” Sista aliinuka, akapangusa magoti. “Mtu mwingine angeniambia bahati mbaya, ningekubali. Mama yangu mzazi angeniambia, ningesema pole mama, macho yamechoka. Wewe? Wewe uliyemfukuza dada yako hapa kwa ajili ya soksi moja ya buluu? Wewe unayehubiria mtaa mzima kwamba nguo nyeupe ni mwali, halazwi na wageni?”

Akavuta kile kidroo cha sabuni, akanusa.

“Na hii ni ya kopo la kijani. Ya kufulia ovaroli za mafundi magari. Si wewe uliyenionya inachubua rangi nguo mpya? Na maji umeweka ya moto kabisa. Taulo, sabuni, moto. Hiyo siyo bahati mbaya, baba. Hicho ni kikao.”

Simu ya Sista ikalia juu ya mgongo wa Bibi. Mzee Povu ndiye aliyekuwa karibu, akaichukua, akasoma ujumbe kwa sauti huku akiuma maneno:

“‘Sista, wageni wameshafika. Saa nane nakuvisha beji ya ukuu wa wodi. Vaa ile sare mpya. Mganga Mkuu.’ Ile sare mpya! Anaijua nguo yako kuliko aliyeishona.”

“Kumbe ni wivu.”

“Nimwonee wivu nani? Yule mwenye kitambi cha dizeli ya jenereta la hospitali?”

“Basi sema kilichokukaa kooni. Sema sasa hivi kabla sijabeba mkoba wangu.”

“Nasema! Wakubwa wa hospitali yenu ndio walioniulia mke. Umeme umekatika, mashine ya hewa imezima. Jenereta lipo. Dizeli ipo. Ufunguo haupo! Huyu anasema uko kwa yule, yule yuko semina, na simu kazima. Mke wangu akafa wakiulizana. Kuna aliyeadhibiwa? Aliyekuwa semina walimpandisha cheo! Leo na wewe unakwenda kukaa nao meza moja, mnywe maji yao ya chupa. Kesho mume wa mtu atakuja kwako analia, utamwambia ‘tunafuatilia.’ Mimi silali kitanda kimoja na mtu anayesema ‘tunafuatilia’!”

Mashine ikaanza kumwaga maji. Bomba likakoroma.

“Umemaliza?”

“Sijamaliza. Pumzi ndiyo imeisha.”

“Siku ile wakubwa wanatafutana, nani alikuwa na mkeo?”

Mzee Povu akaanza kupanga makopo ya sabuni.

“Nakuuliza!”

“Wewe.”

“Nafanya nini?”

“Unamsukumia hewa kwa mkono. Kwa lile puto.”

“Mpaka vidole vikafa ganzi. Na wewe ulikuwa umeshika miguu yake, ulinitazama mwanzo mpaka mwisho.” Sauti ya Sista ilishuka, na iliposhuka ndipo ilipomtisha. “Cheo hiki nilishakikataa. Safari hii nikawaambia nakubali kwa sharti moja: ufunguo wa jenereta ukae mfukoni mwa mkuu wa wodi, siyo kwa bwana wa semina. Mganga Mkuu akaitikia mbele ya watu. Nilitaka nirudi nao jioni nikuwekee kiganjani, kwa sababu nakujua, usipoushika hutaamini. Wewe ukaniwahi na taulo.”

Mzee Povu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuna aliyemkaribisha.

Mlango wa mashine ukalia tak, ukaachia. Akalitoa gauni. Lilikuwa na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.

“Nitaitoa rangi,” alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kwa upole. “Nikililoweka kwenye dawa ya kung’arisha mpaka usiku...”

“Huo usiku ninao? Lipige pasi.”

“Hivi hivi?”

“Hivi hivi. Halafu vaa viatu, unakuja.”

“Kule? Niliapa sikanyagi tena kule.”

“Ungeapa pia kutogusa gauni langu. Utakuja, useme kwa mdomo wako nani kanipaka rangi. Usipokuja, Jumamosi oa moja kati ya hizi tatu. Mimi nimechoka na ukewenza wa mabati.”

Akapiga pasi. Mvuke ulimpiga usoni, na hilo lilimfaa, maana uso ulikuwa umeshaanza kulowa wenyewe.

Hospitalini wauguzi walikaa kwenye mabenchi. Wakubwa, kama kawaida yao, kwenye viti vyenye mito. Sista alipoingia, kicheko kikapita chinichini. Mganga Mkuu akasimama, kitambi kikatangulia.

“Sista! Nilisema sare mpya. Nani kakufanyia hivi?”

Sista akageuka, akatazama mlangoni. Mzee Povu akasogea mbele.

“Mimi,” alisema. “Na nilifanya makusudi.”

“Kwa nini?”

“Nilidhani atakuwa kama nyinyi.”

Kicheko kikakatika. Mganga Mkuu akamtazama juu mpaka chini.

“Sista, huyu mzee ni nani wako?”

“Bado sijaamua, daktari. Kwanza ufunguo.”

“Ah, ufunguo. Kuhusu ufunguo, tunafuatilia. Mwenye nao yuko...”

“Semina?”

Mganga Mkuu akakohoa.

“Basi beji isubiri,” Sista akasema. Akavuta kiti chenye mto, akakaa katikati ya wakubwa na gauni lake la rangi ya waridi. “Mimi sina haraka. Nguo yangu imeshaharibika, kuna nini tena?”

Simu zikapigwa. Mtu akatumwa na pikipiki. Wageni walikunywa maji yao ya chupa mpaka yakaisha. Hatimaye ufunguo ukaja, umefungwa kwa uzi wa viatu, na Sista akautia mfukoni kabla hajaruhusu mtu kumgusa kifua kwa beji.

Nje, Mzee Povu alimfuata nyuma hatua kadhaa.

“Mama...”

“Usiniite mama. Nimekasirika mpaka Ijumaa.”

“Na Jumamosi?”

“Jumamosi naolewa. Ila gauni la harusi wewe utaliona kwa macho tu. Nimempelekea dobi.”

Mzee Povu alisimama kama aliyepigwa kofi.

“Dobi! Anatumia sabuni gani?”