Uvimbe Moyoni mwa Engole

Justine Akullo hakutaka kuonana na mtu asubuhi ile, sembuse Isaac Owori, baba wa mtoto wake. Lakini mpaka wa Busia haukuulizi unataka nini. Katikati ya malori na wauza ndizi, mbele ya uhamiaji, alisimama Isaac mwenyewe, wakala wa forodha, shati limenyooshwa kwa pasi, karatasi za madereva mkononi.

"Mama Engole," akasema polepole. "Kumbe mko hai."

Justine akamkumbatia Engole, mtoto wake mchanga. Gauni lake la kitenge cha njano lilikuwa limeloa jasho mgongoni.

"Tuko. Nilikuja kwetu mara moja, sasa narudi hospitali upande wa Kenya."

"Na huyo bwana wako wa Kenya, hajambo?"

"Bwana gani tena?"

"Wiki nzima nakupigia, simu imezimwa. Mtu akihamia kwa shangazi yake ng'ambo bila kuaga, nifikirie nini?"

Lo, mambo haya! Justine alikuwa ametoa laini ya Uganda, akaweka ya Kenya ili daktari ampate, kisha akakaa akisononeka kwamba Isaac hampigii. Watu wa mpakani bwana, laini mbili, akili moja.

"Isaac, mtoto ana uvimbe kwenye moyo," akasema, machozi yakimtoka. "Daktari alisema ni nadra, ila kwa wachanga mara nyingine hunywea wenyewe. Leo anaangalia tena. Niliogopa mama yako atasema nimeleta ugonjwa kutoka kwetu Kwapa, akukataze kunioa."

Isaac akamkabidhi mwenzake karatasi, akampokea mtoto. "Twende."

Daktari alipitisha kifaa kifuani mwa Engole, akaikodolea macho skrini, akakawia. Isaac alimshika Justine mkono hadi ukauma.

"Umenywea," daktari akasema. "Umebaki kama punje ya mtama, na damu inapita vizuri. Hahitaji kupasuliwa. Mtamleta tu tuendelee kumwangalia."

Justine aliketi sakafuni akacheka, akalia, akacheka tena.

Nje, Isaac alimpigia mama yake huko Kiyeyi, akamweleza yote bila kuficha neno. Justine akatamani ardhi immeze. Kisha Isaac akamsogezea simu. "Anakutaka wewe."

"Justine," mama akasema, "mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, mama."

"Basi waambie wazee wa kwenu tunakuja Jumamosi kukuposa. Na mwanangu, mzigo kama huu usibebe tena peke yako. Mimi nilikuwa wapi?"

Justine akalia, akiinamisha kichwa kukubali. Isaac akaichukua simu.

"Amekubali, mama."