Mara Mbili kwa Kila Funda

Nyumbani kwetu ukipaliwa na chai hupewi pole. Unaulizwa, "Nani anakusema huko?" Halafu tunaanza kuwataja wote wenye midomo mirefu, tangu mwenye duka la kona hadi wifi yangu. Unapigwa mgongo, unapewa maji ya kushushia, tunacheka. Utani huo aliuanzisha mume wangu mwenyewe. Nausimulia mapema kwa sababu ulikaribia kutuponza.

Mume wangu ni fundi rangi. Mtaani wanamwita Mara Mbili. Ukimpa ukuta ataupaka, atasubiri ukauke, kisha ataupaka tena. Hata ukimwambia basi, inatosha, atakujibu, "Ukuta wangu hupakwa mara mbili." Mimi nashona sare za shule chumba cha mbele. Nikiinua macho kwenye cherehani, naziona nyumba nne alizopaka yeye. Hakuna hata moja iliyobanduka. Najivuna, ndiyo. Nani atanizuia?

Mwaka jana alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi yake ya kazi. Madaktari wakasema mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri, damu inarudi nyuma. Ilibidi apasuliwe. Hata siku hiyo hakuacha mzaha.

"Kumbe nina milango ndani," alisema, "na sijawahi kuipaka rangi!"

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kwa siku nne alipumua kwa mashine, bomba limepitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Lilipotolewa, sauti yake ilikuwa imekauka. Wiki ya tatu akarudi nyumbani na mshono mrefu kifuani. Binti yetu, kitinda mimba, alimwekea kiti karibu na dirisha. Nikamshukuru Mungu, nikabandika birika.

Shida ilianza na chai hiyo hiyo. Funda la kwanza tu, kikohozi. Akakumbatia mto kifuani, maana kukohoa kuliuvuta mshono.

"Nani anamsema baba?" binti akauliza.

"Mafundi ambao kuta zao zimebanduka," nikajibu.

Tukacheka. Nikamkimbizia maji ayashushie. Akakohoa zaidi. Nikamwongezea maji.

Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Viazi vya kuponda alikula bila tabu. Chai na maji ndivyo vilivyomshinda, nasi tukaona ni kioja. Mtu anashindwaje na maji? Akaanza kukataa kunywa. Midomo ikampasuka, suruali ikawa inamvuka. Nikimuuliza, anasema, "Sina kiu, mama watoto." Na sauti yenyewe inatoka kama ya mtu anayeongea huku anasukutua.

Siku ya tisa mwili wake ulikuwa na joto. Nikajiambia ni uchovu. Ndipo jirani akabisha hodi.

Jirani yetu ni muuguzi. Ukuta mmoja tu unatutenganisha naye, kwa hiyo siri zetu zote anazo, na hajawahi kuzitoa nje. Alikuwa bado amevaa viatu vya kazi.

"Shemeji, unaendeleaje?"

"Salama tu. Kimafua kidogo."

"Mafua gani yanayojua saa za kula?" jirani akauliza. "Mimi nawasikia ukutani. Mkinywa chai asubuhi, kikohozi. Mchana, kikohozi. Jioni, kikohozi. Katikati hapo, kimya. Hebu sema aaa."

"Aaa."

"Umesikia?" akanigeukia. "Sauti imelowa. Na kipaji cha uso kinachoma. Akikohoa huwa unampa nini?"

"Maji. Ya kushushia."

Nililisema jibu hilo kwa fahari kidogo, kama mke anayejua kazi yake. Jirani akanishika mkono.

"Dada yangu, usimpe tena. Asile wala asinywe chochote mpaka aonwe. Na aonwe leo, si kesho."

"Kwa kikohozi?" mume wangu akabisha. "Nimepasuliwa moyo nikapona, leo nife kwa chai?"

"Ndicho ninachokiogopa, shemeji. Moyo umeshatengenezwa. Tusije tukakupoteza kwa njia ya mapafu."

Akaomba viatu vyake. Mimi nikatoka bila hata kufunga mlango. Binti ndiye aliyeufunga.

Hospitali walipiga picha ya kifua. Pafu la kulia lilikuwa na nimonia iliyoanza karibuni. Akalazwa, akawekewa dawa kwenye mshipa. Kesho yake akaja mwanamke mfupi mwenye miwani, mkononi ana glasi na kijiko.

"Mimi ni mtaalamu wa kumeza," akasema.

"Kumeza nako kuna mtaalamu?" mume wangu akashangaa. "Mimi nameza tangu nizaliwe, na sina cheti."

"Sasa nimekuja kukukagua, mzee."

Alipitisha kamera nyembamba puani mwake mpaka kooni. Kisha akampa kijiko cha maji yaliyotiwa rangi ya kijani, ili tuyaone yanakopita.

"Hapo kwenye rangi umenipata," mume wangu akanong'ona.

Tulitazama kwenye skrini. Maji ya kijani yakateremka. Mengine yakaenda njia ya chakula. Mengine, kwa macho yangu mawili, yakaingia njia ya hewa. Nilingoja kikohozi. Hakikuja.

"Mbona hajakohoa?" nikauliza.

"Ndiyo hatari yake, mama. Mara nyingine yanaingia kimya. Ukimwona mgonjwa hakohoi, usidhani yuko salama. Sikiliza sauti yake akishakunywa. Angalia kama ana homa, kama anapungua, kama mlo mmoja unamchukua saa nzima."

Akatuchorea kwenye karatasi njia mbili zilizokaa pamoja kooni, moja ya chakula, moja ya hewa. Juu ya njia ya hewa kuna kifuniko. Mtu akimeza, kifuniko kinafunga.

"Kwako, mzee, bomba lilikaa kooni siku nyingi. Misuli imechoka. Na upande mmoja wa nyuzi za sauti haufungi sawasawa. Wapo wengi wanaopata hili baada ya upasuaji wa moyo, na wengi wao wanapona. Maji ni mepesi, yanakimbia. Yanafika kabla kifuniko hakijafunga."

Mume wangu akakaa wima kitandani. Macho yalimng'aa. Nilikuwa sijayaona hivyo tangu aanze kuugua.

"Nimekuelewa! Ni rangi iliyozidishiwa maji. Inachuruzika hadi sakafuni kabla hujageuza brashi. Rangi nzito inakungoja."

Mtaalamu akavua miwani. "Mzee, miaka yote hii nahangaika kueleza jambo hilo. Naomba niuchukue mfano wako."

"Chukua. Sikudai kitu."

Lakini alipoletewa chai iliyotiwa unga maalumu wa kuifanya nzito, alinuna.

"Hiki nini? Chai ya kulambwa? Mimi mtoto mchanga?"

"Ni kwa muda tu," mtaalamu akamwambia. "Keti wima. Chukua kidogo. Inamisha kidevu kifuani, maana nimeona kwenye kamera kwamba kunakusaidia. Meza. Kisha meza tena, kabla hujachukua kingine. Kwa kila funda, unameza mara mbili."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikamtazama. Binti akaziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

"Mara ngapi?" mume wangu akauliza.

"Mara mbili."

"Nani amekwambia jina langu?"

Akachukua kijiko. Akainamisha kidevu. Akameza, akangoja, akameza tena. Hakukohoa. "Sema aaa," mtaalamu akasema. Akasema aaa, na sauti haikuwa na maji.

Tulirudi nyumbani baada ya wiki moja, nimonia imepona. Siku ya kwanza nilimkorogea chai, akaitazama kama anavyotazama kazi ya fundi mwanafunzi. "Ina madonge," akasema. Akaninyang'anya kijiko. Tangu siku hiyo alikoroga mwenyewe. Alikuwa anapima unga kama alivyofundishwa, hapunguzi wala haongezi. Anainamisha kijiko na kutazama kinywaji kinavyodondoka. Kama hakijafika anapopataka, hanywi mtu.

Wakati wa kula tulizima redio. Hatukumsemesha akiwa na kitu mdomoni, na hilo kwangu lilikuwa funzo gumu, maana mimi kuzungumza ndiyo kachumbari yangu. Baada ya kula alikaa wima nusu saa. Alipiga mswaki asubuhi, na kila baada ya mlo, maana mtaalamu alisema mdomo mchafu ndio unaobeba vijidudu hadi kwenye mapafu. Vidonge vya moyo hakuacha hata kimoja. Kwa kuwa maji matupu alikatazwa, tulimuuliza mfamasia vipi vinaweza kupondwa, akatuambia kimoja hakipondwi kabisa, akatubadilishia. Na mazoezi ya koo na sauti aliyafanya kila siku mbele ya kioo. Jirani akigonga ukuta kutoka kwake, tunajua anamsikia na amefurahi.

Mafundi wenzake walikuja kumwona, wamebeba soda.

"Kunywa, bwana! Unatuangusha!" mmoja akamwambia.

Mume wangu hajawahi kukubali kuonekana mnyonge mbele ya mafundi. Akaipokea soda, akaiweka mezani, akavuta kikombe chake.

"Nitaipeleka kwa mtaalamu, aniambie lini naweza kuinywa," akasema. "Kwa sasa nanywa hivi. Tazameni."

Akawaonyesha, kidevu chini, mara mbili. Wanaume watano walisogeza viti wakimtazama mwenzao akimeza chai. Nilitaka kulia kwa jinsi nilivyomwonea fahari.

Mmoja akasema, "Huo unga nipe kidogo nimpelekee mama yangu. Naye hukohoa akinywa."

"Hapana," mume wangu akajibu. "Mama yako mpeleke akapimwe. Huwezi kupaka ukuta ambao hujaukagua. Huenda wa kwake una shida nyingine."

Yule fundi alimpeleka. Sitasimulia ya kwake, ni ya kwake.

Wiki ya nane tulirudi kwa mtaalamu. Kamera tena, maji ya kijani tena. Tulitazama kwenye skrini tukiwa tumeshikana mikono. Yote yalipita njia ya chakula.

"Mzee, maji umeruhusiwa," mtaalamu akasema. "Funda dogo dogo, na usiache kumeza mara mbili."

Hakunywa pale. Alisema maji ya kwanza atayanywa nyumbani kwake. Tulipofika, jirani alikuwa mlangoni anatungoja. Mume wangu akaketi wima kwenye kiti chake cha dirishani. Binti akaleta glasi ya maji matupu, mepesi, yasiyo na chochote.

Akachukua funda. Kidevu chini. Mara mbili. Akachukua lingine. Tulikaa kimya wote, hata mimi. Akamaliza glasi nzima.

"Aaa," akasema kabla ya kuombwa. Sauti ilikuwa kavu na safi, ile ile ninayoijua tangu aliponiposa.

"Baba," binti akasema, "mafundi wanakusema. Jirani anakusema. Mtaalamu anawasimulia wagonjwa habari za rangi yako. Mtaa mzima unakusema, mbona hupaliwi?"

Mume wangu akanipa glasi.

"Jaza," akasema. "Mara mbili."