Jini Aliyesingiziwa

Maji ya mtungini yalikuwa ya moto. Si moto wa kuunguza, la, uvuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea kichanga. Bi Mwanajuma alichovya kata asubuhi ile, akanywa funda moja, akalitema pale pale uani. Mtungi ulikaa kivulini juu ya mchanga mbichi, na majirani wa Isevya waliusifu kwa maji yake baridi. Akaumwaga, akausugua, akaujaza upya. Adhuhuri akachota tena: vuguvugu vile vile, na safari hii yananuka. Harufu ile mkunga hahitaji kuambiwa. Ni ya chupa ya uzazi inapopasuka.

Akajua. Akajifanya hajui, maana kwa siku arobaini alikuwa amekuwa bingwa wa kujifanya hajui.

Tusimwonee, mama huyu alikuwa fundi. Kuanzia Cheyo mpaka Isevya wanawake walimfuata kwa ajili ya karai lake, karai pana la bati, ambalo alilijaza maji ya uvuguvugu na kumketisha mzazi ndani, maji yakamfunika tumbo. Uchungu ulilegea. Wengine walizalia humo humo, mtoto akapokelewa majini na kuinuliwa papo hapo. Waliozaa hivyo walisema walijiona kama wamebebwa. Wauguzi walimnunia, ingawa baadhi yao walimletea dada zao kwa mlango wa uani. Sharti lilikuwa moja, na alilitunga mwenyewe: mkunga haondoki kando ya karai.

Mwaka ule wa ukame, sabini na nne, aliondoka.

Mzazi alikuwa Ngollo, binti wa Kisukuma kutoka Ziba, aliyeolewa na Shaban fundi cherehani. Mjini hakuwa na ndugu. Mama yake alikuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa, hata pa kumpata hapajulikani. Bi Mwanajuma alimpima, akaona uchungu bado. Mara akasikia mtaani kwamba dukani kumeshushwa sukari. Miezi miwili hakuwa ameonja chai yenye sukari. Akamwambia Ngollo atulie, anarudi sasa hivi. Foleni ikawa ndefu. Aliporudi na sukari yake kwenye upindo wa kanga, Ngollo alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ukingo wa karai, hajitambui, na mtoto alikuwa chini ya maji, ametulia.

Watu walipoingia, neno likamtoka Bi Mwanajuma: jini wa maji. Kamfuata binti huyu kutoka lambo la kwao, kamchukua mtoto mikononi mwangu. Nani angebisha? Mgeni, mtu wa porini. Tangu siku hiyo Ngollo alichota maji bombani wa mwisho, wenzake wote wakishaondoka, na Shaban alikuwa anatafuta lori la kumrudishia kwao. Bi Mwanajuma alimwona kila siku, ndoo kichwani, macho chini. Aibu ilimchoma mpaka masikio, naye akaingia ndani.

Basi siku ya tatu ya maji yale, jua la utosini, karai lililoegemezwa ukutani, kavu, likaanza kububujika.

"Mwanajuma binti Mabruki," sauti ilisema taratibu, kama ya mtu anayeongea mdomo ukiwa majini. "Nimekukosea nini?"

Bi Mwanajuma akarudi nyuma hatua mbili.

"Nilikuwa nimekaa kwangu. Mtoto wa mtu sijamgusa. Umenitangaza mla vichanga, na sasa hata wenzangu wananikimbia. Nisafishe mbele ya watu hao hao. Usiponisafisha, nitakuwa hicho ulichoniita. Maua anazaa lini?"

Maua alikuwa mwanawe wa pekee, amerudi nyumbani kujifungua, miezi tisa imetimia.

Alikimbilia kwa Fundi Yahaya, mganga wa majini. Yahaya alitia ubani, akasikiliza, kisha akazima kaa.

"Huyu hataki kuku wala mbuzi, mama. Anadai haki yake. Kaseme."

Akaomba aruhusiwe kuungama kwake Yahaya tu, faraghani. Mganga akatikisa kichwa. Mara tatu alikwenda bombani maneno yakiwa mdomoni, na mara tatu Ngollo alipomwamkia shikamoo, aliitika marahaba akageuza njia. Miaka thelathini ya jina jema, jamani, unaibwagaje chini kwa sentensi moja?

Uchungu ulimshika Maua alasiri. Bi Mwanajuma alikuwa ameshatupa karai shimoni, akamlaza mwanawe kwenye mkeka mkavu, hakuruhusu hata kikombe cha maji chumbani. Jirani yake Zamda alimshika Maua mgongo. Mtoto akatoka bluu, kimya, na bibi yake alipomwinamisha ampige mgongoni, maji yakaanza kumtoka mdomoni na puani, maji safi ya uvuguvugu, yakashuka viwikoni mwa Bi Mwanajuma, yakaloanisha mkeka, yakafika kizingitini, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya kiwiliwili kidogo vile, yakazidi kuja, na ndani ya mbubujiko wake ile sauti ikamwambia polepole kwamba ameitwa, na amekuja.

Akamwachia Zamda mtoto. Akatoka mlangoni, mikono ina damu. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa uani wakingoja habari, na ng'ambo ya ua, bombani, Ngollo alikuwa anakinga ndoo yake peke yake.

"Jini hakumgusa mtoto wa Ngollo," Bi Mwanajuma alisema kwa nguvu. "Nimemuua mimi. Nilimwacha mwenzenu kwenye karai, nikaenda kupanga foleni ya sukari. Nikasingizia jini."

Kisha ndani mtoto akakohoa, akakohoa tena, akalia.

Wanawake wakaingia mbio. Kila aliyempita mlangoni alivuta kanga yake isimguse. Ngollo alifunga bomba, akaja mpaka kwenye ua.

"Nilikuita, bibi," alisema. "Mara tatu. Niliwaambia watu kwamba nilikuita, wakasema aliyekuwa anaita ni jini."

Akajitwika ndoo akaenda zake. Bi Mwanajuma akabaki pale uani. Ndani vigelegele vilikuwa vinapigwa, na hakuna aliyetoka kumwita bibi aje ampokee mjukuu wake.