Wimbo Uliofika Mpaka Jiweni

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikiongopa hata neno moja, jogoo wangu asiwike tena hapa nyumbani. Na huyo jogoo si wa mchezo. Akiwika hapa kwetu Pito, wavuvi wa Kirando huko ziwani huamka wakageuza dagaa wao.

Mkwe wangu Luciana amechungulia daftari. "Baba, Kirando ni mbali," anasema.

Ni mbali, ndiyo. Kwani nimesema ni kuku wa kawaida?

Mimi ni Oswaldi. Nimestaafu kazi ya kupima mahindi ghalani. Naishi na Luciana na binti yake Sharon, wa darasa la tano. Asubuhi za kwetu ukungu hulala juu ya ulezi kama ng'ombe aliyeshiba. Sharon akienda shule huzama humo ndani. Humwoni tena. Unamsikia tu akiimba, na unaanza kudhani ni ukungu wenyewe unaoimba.

Mwezi wa tano shule mbili za jirani zilikuwa zije kushindana kwaya uwanjani kwetu. Sharon alichaguliwa kuanzisha wimbo. Luciana akamshonea sketi mpya.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Mwalimu Loth. Ni mtu mwema, ila sauti yake ni nzito kama pipa linaloviringishwa. Aliwapanga watoto mlimani, nyuso zikielekea upepo. Akaanzisha wimbo kwa sauti yake mwenyewe. Watoto wakamfuata huko chini, wakazama.

"Sauti! Sisikii!" akapaza.

Watoto wetu wamezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Basi wakaita.

Nami nikaongeza langu. "Mjukuu wangu, meza yai bichi kila asubuhi. Kisha simama upigie upepo kelele. Ndivyo nilivyomfundisha jogoo."

Siku ya tano ya mazoezi Sharon alirudi kutoka shuleni akafungua mdomo aniamkie. Ikatoka sauti ya bawaba kavu ya mlango. Kesho yake hata hiyo haikutoka.

Mwalimu Loth akaja nyumbani. "Mama Sharon, zimebaki wiki tatu. Nitaweka mtoto mwingine aanzishe."

Sharon alilia. Machozi yalishuka, sauti haikuja.

Tuna mpangaji, Mwalimu Elizabeth, mgeni kutoka Mbeya. Amekulia kwenye kwaya tangu utotoni. Alikuwa mlangoni kwake akimenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Mwalimu Loth, usimtoe. Huyu mtoto hana kosa. Koo lake limechoka."

"Limechoka na nini? Anakula mayai!"

"Nani kamwambia ale mayai mabichi?"

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama paa.

"Babu," akasema Elizabeth, "yai hupita njia ya chakula, halifiki kwenye sauti. Tena likiwa bichi linaweza kumletea ugonjwa wa tumbo. Sharon, pumzika siku saba. Usiimbe, usipige kelele, hata kunong'ona acha, kunachosha koo. Kunywa maji mara kwa mara. Wiki mbili zikipita bila nafuu, Mama Sharon, mpeleke kituo cha afya."

"Nitampeleka," akasema Luciana.

Mwalimu Loth akakuna kichwa. "Na hao wengine? Wote sauti zinakwaruza."

"Nipe ruhusa kesho nikuonyeshe."

Kesho yake nilikwenda shuleni kuwacheka. Elizabeth aliwahamishia watoto nyuma ya ukuta wa darasa, upepo usipofika.

"Simameni wima. Mabega chini. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi mpaka mkono usogee. Mabega yasipande."

Kisha akawaambia wafunge midomo wavume, mmm, taratibu. Ukuta mzima ukavuma kama mzinga wa nyuki wanaoota ndoto. Nikasahau kucheka.

"Mwalimu Loth," akasema, "usianzishe kwa sauti yako. Yako ni ya mwanaume, hawa ni watoto. Kwanza jaribu nao sehemu ya chini kabisa ya wimbo na ya juu kabisa. Wakizifikia zote mbili bila kukaza shingo, hapo ndipo pa kuanzia."

"Na maneno?"

"Mstari mmoja mmoja. Imba wewe, wasikilize, ndipo waimbe. Ukitaka waongeze sauti, panua mkono. Ukitaka wapunguze, ushushe. Wakikutazama hutahitaji kupiga kelele."

"Na yule Modesti anayetoka nje ya sauti?"

"Msimamishe kati ya wawili wanaoijua. Asikilize kwanza. Ataipata."

Sharon alikaa mbele, kimya, akitazama ule mkono.

Mimi nikashindwa kunyamaza. "Kwaya ya kunong'ona hiyo! Haifiki hata kwenye mlingoti wa bendera. Ikifika kwenye jiwe langu, kule juu ya shamba la ulezi, jogoo wangu ni wako, Mwalimu."

"Nimekubali, Babu. Watoto, mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

"Bila kelele," akasema Elizabeth.

Siku ya nane sauti ya Sharon ilirudi, nyembamba kama uzi. Wakampa mstari mmoja. Kesho yake miwili. Kila siku kidogo, na maji pembeni.

Siku ya mashindano watu wote walikwenda uwanjani. Mimi nilipanda jiweni peke yangu. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Nikakaa. Nikasubiri kutosikia kitu.

Kwanza ikaja sauti moja. Haikuja kwa nguvu. Ilipanda mteremko kama mtu anayeijua njia ya nyumbani. Ilikuwa ya Sharon. Kisha nyingine zikaingia chini yake, zikambeba. Ulezi ukainama, ukainuka. Naapa hapakuwa na upepo. Nikamwona marehemu mke wangu akipita shambani na ungo kichwani, anatabasamu. Nikafunga macho ili asiondoke.

Nilirudi nyumbani jioni. Watoto wetu walikuwa wa kwanza.

"Wa pili, baba," anasema Luciana hapa begani kwangu.

Wa pili. Lakini Sharon alianzisha, na Mwalimu Loth alisimamia kwa mikono tu.

Elizabeth akauliza, "Babu, ulisikia?"

"Upepo tu," nikasema. Nikachukua jembe langu nikaanza kukaza mpini. Nikawa navuma kidogo, mmm, kisha maneno yakatoka yenyewe:

*Ulezi umeiva, mama, shusha ungo,
ukungu umekuja kula nasi.*

Sharon akaacha kuosha vyombo. "Babu, umeimba nini?"

"Wimbo wenu wa mazoezi."

"Ubeti huo nimeutunga mimi. Mwalimu ametufundisha leo asubuhi. Mbele ya watu tumeuimba mara moja tu, uwanjani!"

Luciana alicheka mpaka akakaa chini. Elizabeth akanyoosha mkono, kiganja juu, kama anavyoomba kwaya ianze.

Nikaenda bandani. Nikamkamata jogoo, nikamkabidhi.

Sasa anaishi mlango wa pili, na kwangu hawiki tena, kama nilivyoapa. Kila asubuhi namsikia kwa jirani. Husimama wima, mabega chini, anavuma kwanza mmm, ndipo anawika. Hiyo nayo ni kweli tupu. Ila msiniwekee dau. Nimebakiwa na tetea mmoja.